Ni Mti, Si Mti

Mmekaa? Tirza, sogea, usimkalie mwenzio. Nikisema "Kale!" nyinyi semeni "Tupeleke!"

Kale!

Tupeleke!

Kale ya mbali!

Tupeleke!

Basi twendeni. Ilikuwa kale hiyo, milima bado inachagua pa kukaa, na hapa tunapoishi hapakuwa na Myahudi hata mmoja. Watu wetu walikuwa ng'ambo ya jangwa, chini ya mfalme mmoja mwenye roho mbaya. Siku moja akaamka akasema, "Sitaki kuwaona." Hakutoa sababu. Wafalme wa namna hiyo huwa hawatoi. Watu wetu wakafunga mizigo wakatoka. Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Nchi ya kwanza wakaambiwa pamejaa. Nchi ya pili wakaambiwa pamejaa. Ya tatu hawakuambiwa kitu, walifunguliwa mbwa.

Ndipo wakafika nchi ya migomba. Mkubwa wa nchi hiyo aliitwa Rutengwe, mzee mrefu, mkarimu, lakini mwepesi wa hasira kama mafuta na moto. Mkewe aliitwa Nyamwiza, naye ndiye aliyelima hiyo migomba. Lugha yao watu wetu walikuwa wameiokoteza njiani, ya kubabaisha, ila iliwatosha kuomba maji na kusema asante.

Rutengwe akawakaribisha uani kwake, majirani wote wakaja kuangalia wageni. Akataka kuchinja mbuzi. Wakamwambia, "Mzee, utuwie radhi. Nyama hatuli isipokuwa tumeichinja kwa desturi yetu, tukaipika kwa vyungu vyetu." Rutengwe akanuna, kisha akajikaza. "Haya, kila watu na miiko yao. Nyamwiza, waletee ndizi."

Nyamwiza akafukua shimo alilovundikia ndizi, akaleta mkungu mzima, umeiva, unanukia ua mzima. Ndizi haijui chungu wala kisu. Hapo mwiko haukuwapo tena. Mgeni angekataaje kula?

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Sisi tunajua kwamba chakula ni mali ya Mungu mpaka umshukuru. Ukila kabla ya baraka, umeiba. Azaria, usiangalie chini, asubuhi nilikuona na ule mhogo. Na baraka si moja. Mkate una maneno yake, divai ina yake. Tunda la mti tunasema, "Umebarikiwa wewe, uumbaye tunda la mti." Tango, au maharage, tunasema, "uumbaye tunda la ardhi." Ukisema isiyo yake, umelitaja Jina la Mungu bure, na hilo si jambo la mchezo.

Na ndizi je? Watu wetu hawakuwahi kuiona ndizi tangu wazaliwe.

Elkana, fundi viatu, akautazama mgomba uliokuwa pembeni ya ua, akaupima kwa macho juu hadi chini. "Umenipita urefu," akasema. "Ni mti."

Gershoni, mwalimu wao, mwenye sheria yote kichwani, akatikisa ndevu. "Si mti."

"Ni mti, mwalimu! Una kivuli!"

"Hata mwavuli una kivuli. Si mti!"

Semeni nami. Ni mti! Si mti! Ni mti! Si mti! Ehee. Na wenzao nao wakagawanyika, hawa huku, hawa kule, kila mmoja na ndizi mkononi, imemenywa, hakuna aliyeonja. Rutengwe amesimama anawatazama. Hajui wanachobishania. Anachoona ni wageni wanaigeuzageuza ndizi yake, wanainusa, wanaitolea macho, hawaili.

Katika nchi ile, wanangu, mgeni asiyekula chakula chako amekuita mchawi. Amesema umetia sumu. Na majirani walikuwa pale pale, wanaona kila kitu. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, na Rutengwe akasikia.

Gershoni angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alichukua kisu, akaufuata mgomba, akaukata shina. Akalibandua gamba la kwanza, la pili, la tatu, akapaza sauti kwa furaha, "Njooni muone! Majani matupu! Hakuna hata chembe ya ubao! Si mti!"

Nyamwiza akapiga ukelele. "Mgomba wangu! Nimempa ndizi, ananikatia mgomba!"

Rutengwe akachukua fimbo yake. "Nyama yangu mmekataa, nikavumilia. Ndizi yangu mnaichunguza kama kinyesi cha mgonjwa, mbele ya watu wangu. Sasa mnakata shamba la mke wangu. Inukeni! Kabla ya jua kutua, nisimwone hata mmoja wenu."

Mnajua nani aliumia zaidi na neno lile? Yokebedi, mke wa Elkana. Mimba yake ilikuwa ya mwezi wa mwisho. Miguu imevimba, viatu havimwingii, na mumewe ndiye fundi viatu. Nchi nyingine ya kutembea hakuwa nayo tena. Angejifungulia njiani, na njiani kulikuwa na mbwa.

Akainua ndizi yake mbele ya macho ya Rutengwe, akasema kwa sauti, kwa lugha yetu ya sala, "Umebarikiwa wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, ambaye kwa neno lake vitu vyote vimekuwa."

Rutengwe akageuka. "Wewe mwanamke, umesema nini? Umeilaani ndizi yangu?"

Yokebedi kimya. Kwa nini? Azaria, kwa nini? Vizuri. Ukishasema baraka huongei mpaka uonje. Basi yule mzee anafoka, na huyu anatafuna. Anafoka, anatafuna. Akameza.

"Sijalaani, baba," akasema. "Nimemshukuru Mungu aliyeiumba. Sisi hatuli bila kushukuru, na wale wawili wanagombania maneno ya kushukuria, kama ni ya tunda la mti au la ardhi. Hakuna aliyesema umetia sumu. Ndizi yako ni tamu. Naomba nyingine."

Hiyo baraka aliyoisema ni ya asiyejua. Inabeba kila chakula, wala sheria haimlaumu mtu. Na Gershoni aliijua vizuri, yeye ndiye aliyewafundisha! Lakini ni baraka ya watoto, na hakutaka kuonekana hajui mbele ya fundi viatu.

Rutengwe akaishusha fimbo. "Nusu ya mchana mnabishana jinsi ya kusema asante?"

"Ndiyo, baba."

"Basi kuleni kwanza. Mengine nitaamua mkishakula."

Wakala wote, kwa baraka ya Yokebedi, mkungu ukaisha. Na kwetu, mgeni akishashiba, humwombea mwenye nyumba. Kazi hiyo ilikuwa ya Gershoni, ndiye mkubwa wao. Akasimama, akafumba macho, akaanza maneno ambayo alikuwa ameyasema maisha yake yote: "Na iwe mapenzi yako, Mungu, mwenye nyumba huyu asiaibike katika ulimwengu huu..."

Akakwama hapo.

Watu wakangoja. Rutengwe akauliza, "Mbona umenyamaza? Na hapo napo kuna mti?"

Gershoni akafumbua macho, yamejaa machozi. "Mzee, namwomba Mungu usiaibike, na aliyekuaibisha mbele ya majirani zako ni mimi. Kinywa kinakataa." Akamwendea Nyamwiza, akapiga magoti kwenye yale magamba aliyoyatawanya. "Mama, nilikuwa natafuta jinsi ya kushukuru kwa chakula, nikamkatia mgomba yule aliyekilima. Nisamehe."

Nyamwiza akaokota gamba moja miguuni pake. Alikuwa na hasira bado, msidhani iliisha mara moja. "Mgomba utachipua," akasema. "Wewe ndiye utakayeupalilia. Sasa simama, umalizie kumwombea mume wangu."

Kumpalilia mtu shamba lake ni kubaki naye. Rutengwe akalisikia neno la mkewe, akatazama fimbo yake, akaiegemeza ukutani.

Gershoni akasimama, akamaliza, "...wala asitahayari katika ulimwengu ujao." Watu wetu wakaitikia Amina. Na Yokebedi akajifungulia ndani ya nyumba ya Nyamwiza, mikononi mwa Nyamwiza.

Mnataka kujua nani alishinda? Hadi leo ndizi tunaibariki "tunda la ardhi". Gershoni alisema kweli, wala haikumsaidia kitu. Mshukuruni Mungu kabla ya kutia kitu kinywani, tena kwa maneno yake sahihi, mimi siwatanii. Lakini shukrani inayomwaibisha aliyekupa chakula haipiti hata paa la nyumba.

Kale nimeirudisha kwa wenyewe. Anayeitaka aifuate kwa miguu yake; yangu imechoka.