Usharika Ulioinama

Wapendwa, haya ninayowaletea leo sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, kwa macho haya haya mnayoyaona yamekaa juu ya pua hii. Nilikaa kanisani, benchi la tatu, upande wa akina baba. Na macho yangu mnayajua: mwewe akipita angani, nawaambia kama ameshiba au ana njaa. Shuleni sikufika mbali, ila kwenye kuona, ndugu zangu, sijapata mpinzani tangu nizaliwe. Basi tegeni masikio.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mzee, kule milimani kwenye migomba na kahawa. Alikuwa amestaafu zamani. Mkewe alikuwa ametangulia, na mtoto hawakujaliwa. Ujana wake wote aliumalizia kwa watoto wa darasa la kwanza: juma zima kuwafundisha kusoma, Jumamosi kuwafundisha kuimba. Kisha akahamishiwa mbali, akazeekea huko huko. Akawa anajiuliza: mwenye shamba anaacha shamba, mwenye watoto anaacha jina. Mimi ninaacha nini?

Siku moja akatembelewa na mchungaji wa usharika ule wa milimani alikofundisha zamani, kijana mgeni katika milima ile.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukuchukua. Tumejenga chumba cha shule ya Jumapili, na wazee wa kanisa wameamua kipewe jina lako."

"Marahaba, mwanangu. Jina langu? Kwani nimefanya nini?"

"Mzee wangu, unauliza! Nimehudumu sharika nyingi, sijaona waumini wanyenyekevu kama wale. Kuna ule wimbo uliowafundisha, wa mkono wa Bwana kuwa kivuli chetu. Wakifika kwenye ile noti ya juu, kanisa zima linainama. Wazee, vijana, mpaka watoto wa kubebwa. Nikawauliza, nani kawafundisha kuinama hivi? Wakanijibu, ndivyo Mwalimu alivyotufundisha kuuimba."

Mzee akakuna kidevu. Wimbo aliukumbuka. Kuinama hakukumbuka. Lakini nani kati yetu, akiletewa asali mlangoni, anauliza nyuki walikuwa wa nani? Akasema, "Ah, Mchungaji, udongo uwahi ungali maji," akaingia ndani kutafuta koti.

Jumapili ikafika. Wakamkalisha mbele kabisa, kiti cha mgeni rasmi, uso kwa uso na watu. Nje sadaka za mavuno zilikuwa zinasubiri mnada, mikungu ya ndizi na mayai, na pembeni beberu mweupe wa zawadi yake, anayelia kama aliyefiwa. Mzee akawatazama wale watoto wake, sasa wana mvi. Akaanza kuwatambua. Yule alikuwa akila chaki. Yule alikuwa akilia kila akiona kuku, leo ni mzee wa kanisa, tai shingoni. Moyo wake ukajaa.

Kinanda kikalia, watu wakasimama, wakaimba. Na walijua kuimba, ndugu zangu! Kila sauti ilikaa mahali pake. Wimbo ukapanda, ukapanda, ukafika kwenye ile noti ya juu, na kanisa zima likashuka. Mabega juu, shingo chini, macho yamefumbwa. Kisha wakainuka wakaendelea, kama vile hakuna lililotokea.

Mchungaji akamnong'oneza, "Umeona, Mwalimu? Unyenyekevu ule!"

Mzee akashusha macho. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, pale juu ya goti. Ulikuwa umekunja ngumi, kifundo cha kidole cha kati kimetokeza mbele. Hakuukunja yeye. Ulijikunja wenyewe, noti ile ilipofika.

Ndipo akakumbuka. Noti ile iliwashinda watoto, Jumamosi baada ya Jumamosi. Na desturi yake ilikuwa kufundisha akitembea nyuma ya mabenchi, si mbele, apate kusikia nani anaharibu. Sauti ikipasuka tu, konzi! Utosini. Mtoto hamwoni anayekuja nyuma yake. Anachojua ni kwamba noti ikifika, na konzi limefika. Afanyeje? Anaificha shingo. Na aliyeimba vizuri naye anaificha, maana konzi la giza giza halichagui kichwa.

Sasa niambieni ninyi. Wale watu wazima walikuwa wanamwinamia Bwana? Na yule mtoto wa kubebwa, aliyezaliwa mwalimu ameshahama zamani, yeye konzi alilipata wapi? Alilipata kwenye shingo ya mama yake.

Mzee akaona njia mbili. Anyamaze, jina lake lipakwe rangi mlangoni, ashuke kaburini mtu wa maana. Au aseme, arudi kwake kama alivyokuja.

"Mchungaji," akanong'ona, "ule si unyenyekevu."

"Wasemaje, mzee wangu?"

"Nasema si unyenyekevu. Niache niseme nao."

Mchungaji akadhani ni haya za uzee. Akatangaza kwa furaha, "Mwalimu wetu ana neno!" Kanisa likalipuka kwa makofi na vigelegele. Mzee akasimama, akataka kuwatuliza. Akainua mkono wa kulia.

Kanisa zima likainama.

Hapakuwa na wimbo. Hapakuwa na noti. Mkono tu, na watu wenye wajukuu wakajikunyata kama darasa la kwanza, mzee wa kanisa na tai yake katikati yao. Beberu pekee ndiye aliyesikika. Na mkono wa mwalimu ukabaki hewani, akashindwa kuushusha.

Akainuka mama mmoja muuza ndizi, mjukuu mgongoni, mtu aliyekula makonzi mengi enzi zile. Akaenda mpaka mbele, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaushusha taratibu.

"Shusha, Mwalimu. Sisi tumeshakua, ni shingo tu ambazo hazijaambiwa."

"Nilitaka mwimbe vizuri, mwanangu. Basi."

"Tuliimba vizuri. Na kusoma tunajua kwa ajili yako, hilo hatulisahau. Lakini huyu niliyembeba naye anainama, na hajui kwa nini. Waambie."

Akawaambia. Akasema, wimbo ule hauna kuinama, kuinama ni kosa langu, uimbeni vichwa juu. Na jina akalikataa. Chumba kile hakina jina mpaka leo.

Wapendwa, sisi tunadhani mtoto anabeba kile tunachoandika ubaoni. Ubao unafutwa kila jioni! Mtoto anaandikwa pengine, mahali pasipofika kifutio. Walimu mlioketi hapa, na sisi wazazi, maana kila mwenye mtoto mbele yake ni mwalimu: tunamwambia mkono wa Bwana ni kivuli, huku mikono yetu inamfundisha kukikimbia kivuli hicho. Kesho asubuhi ukiinua mkono kuchukua chumvi juu ya kabati, mtazame mtoto aliye karibu nawe. Usimuulize kitu. Itazame shingo yake.

Sasa, kwa kuwa nimesimama mahali patakatifu, nitoe moja moyoni. Mengine yote yalikuwa kweli. Ila yule mama muuza ndizi nimemtia mimi. Siku ile hakuinuka mtu. Mzee aliusema ukweli wake wote mkono ukiwa bado hewani, akivisemesha visogo. Nafasi ya yule mama iko wazi hadi leo. Na mimi wa benchi la tatu, mwenye macho ya mwewe, nilikuwa natazama viatu vyangu.