Kaa Aliyepima Maji ya Kifaru

Paukwa!

Pakawa!

Mmekunywa maji?

Tumekunywa!

Mnajua yalikotoka?

Hatujui!

Basi kaeni niwaambie.

Kulikuwa na Kaa, mama mmoja mdogo, akiishi katika ziwa la maji matamu chini ya kilima. Juu ya kilima aliishi Kifaru. Desturi ya vifaru ni kunyea mahali pamoja, siku zote, mwaka hadi mwaka. Lundo la huyu lilifika kimo cha nyumba, naye alijivuna. "Lundo kubwa, bwana mkubwa," alisema.

Ziwa likaota utando wa kijani upande wa kilima. Kaa akabeba mayai tumboni, yakaoza. Akabeba tena, yakaoza. Mara ya tatu alilia sana, kisha akapanda kilima, kra-kra-kra.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Sema upesi."

"Lundo lako linaniulia wanangu. Lihamishe."

Kifaru akacheka. "Kati ya lundo langu na ziwa lenu, umeona mto? Umeona hata mfereji? Litafikaje huko, kwa miguu?"

Kaa akarudi, kra-kra-kra. Akatafuta vyungu viwili vilivyotoboka kitako. Kimoja akakifudikiza kwenye tope la chini ya ziwa upande wa kilima, kingine ng'ambo. Kwenye kila tundu akafunga kiriba kitupu, kinase chochote kitakachopanda kutoka topeni. Akamwambia Konokono, "Shoga, nipimie muda: tembea kutoka jiwe hili hadi lile."

Konokono akatembea pole, pole, pole. Alipofika, kiriba cha ng'ambo kilikuwa na maji kidogo, matamu. Cha upande wa kilima kimejaa pomoni, na maji yananuka lundo.

"Kumbe yanapita chini kwa chini," Kaa akasema.

Akawaita wanyama wote ufukoni, na Kifaru pia.

"Mzee, kuna maji yanaingia ziwani kutoka chini ya kilima chako. Kiriba kizima kwa safari moja ya Konokono! Tunabishana ni ya nani."

Kifaru akatanua pua. "Kilicho juu ya kilima ni changu. Kilicho chini yake, changu!"

"Kila tone?"

"Kila tone!"

"Na kilichomo ndani ya tone?"

"Changu! Changu! Changu!"

"Tumesikia!" wanyama wakajibu.

"Basi, mzee, hapa ziwani mwenye kitu hukiondoa," Kaa akasema, akimsogezea kiriba kilichojaa. "Kunywa."

Kifaru akaona aibu kukataa. Akanywa, gudu, gudu, gudu. Uso ukamkunjamana. Konokono akafika jiwe la pili, kiriba kimejaa. Kifaru akanywa. Konokono akageuka, akafika, kiriba kimejaa. Kifaru akanywa. Tumbo likanguruma, ngrrru!

"Yataisha lini haya?"

"Lundo likiwa pale, mzee, hayaishi."

Jioni hiyohiyo Kifaru alikuwa akisukuma lundo lake kwa pembe, kulipeleka upande wa pili wa kilima, mbali na ziwa, huku akikimbilia vichakani kila baada ya hatua kumi. Maji ya chini hayana haraka. Masika mbili zilipita ndipo kiriba kikatoa maji matamu, na mayai ya Kaa yakaanguliwa salama.

Mimi nimeshukia hapa. Anayeendelea na aendelee. Funzo lake, watoto: msiwe wadadisi. Mwoneni Kaa. Angekubali tu kwamba hakuna mto, leo angekuwa amejipumzikia. Alidadisi, akapima, na sasa ana watoto mia mbili wanaomuuliza maswali kutwa nzima.