Jina la Maharage ya Tusekile

Piiii! Honi ililia gizani, na Tusekile akajua ni bosi Mwalukasa, ambaye kampuni yake ya mbegu ilikuwa imeshafika Zambia na Malawi, na sasa ilikuwa inaimezea mate Kongo.

"Mama, haya maharage uliyoyazalisha hayaogopi ukame. Kesho nayasajili kuwa yangu."

"Chukua tu, baba. Ila afisa atakutaka utaje jina lao, na kijiji kizima kinalijua."

Akamnong'oneza sikioni. Bosi akapaliwa na mate.

Asubuhi afisa wa usajili aliuliza mbele ya wanakijiji, "Mwenye mbegu ni nani?"

"Mimi!" akanguruma bosi.

"Haya, inaitwaje?"

Bosi akakohoa. Akafuta jasho. Akamtupia jicho mkewe aliyekuwa kati ya wanakijiji, naye akamkazia macho.

"Ni... ni jina la heshima sana, mheshimiwa."

"Umelisahau?"

"Sijalisahau! Silitamki!"

Watu wakaangua kicheko. Tusekile akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Msimcheke, jamani. Huku kwetu mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake. Mheshimiwa, niandike mimi. Maharage yangu yanaitwa Subilaga."