Mtemi Aliyedai Nyuki

Hapo zamani za watemi, palikuwa na Mtemi mmoja aitwaye Mazoya, mwenye tumbo kubwa na haya haba. Aliipenda wanzuki, ile pombe ya asali, kuliko alivyowapenda watu wake, wala kuvundika hata mtungi mmoja hakujua. Basi akapiga mbiu: "Kila nyuki anyonyaye ua la nchi yangu ni mtumishi wangu, na jasho la mtumishi ni mali ya bwana wake." Wapambe wakapiga makofi, maana hiyo ndiyo kazi pekee waliyoiweza. Ikawa askari wanapita porini wakikomba asali ya watu, hata ghala la Mtemi likajaa.

Zamu ikamfikia Kashindye, fukara ambaye watu walimwita punguani kwa sababu aliwaamkia nyuki wake kila apitapo chini ya mti. Alikuwa na mzinga mmoja tu, na asali yake aliitunza kwa wanzuki ya harusi ya bintiye. Pasipo wanzuki wakwe hawakubali kuketi, na binti angerudishwa ndani akichekwa na mtaa mzima.

"Lete mzinga mzima barazani," Mtemi akaagiza, "asali irinwe mbele ya macho yangu. Nyinyi warina asali ni wezi, huficha masega mazuri."

Basi mchana wa jua kali, saa ambayo hakuna mrina asali mwenye akili timamu agusaye mzinga, Kashindye akautua barazani, tundu lake limezibwa kwa nyasi. Watu wakajaa uani kutazama. Mtemi alikuwa amejipaka marashi mwili mzima, harufu ambayo nyuki huichukia mno. Kashindye akainusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Washa moshi, urine," Mtemi akasema.

"Niwie radhi, Mtemi wangu. Niwafukize watumishi wako nawe unatazama? Shingo ninayo moja tu. Waamuru wewe, bwana wao."

"Watakutii, Mtemi!" wapambe wakaitikia.

Kichwa kikamvimba Mazoya. Akazing'oa nyasi kwa mkono wake mwenyewe, akanguruma, "Tokeni, mniletee asali yangu!"

Wakatoka. Wapambe ndio waliotangulia kukimbia. Mtemi akajitupa chini ya ngozi ya kiti chake, makalio yakabaki nje, akapiga yowe, "Kashindye! Ondoa nyuki wako!"

"Wangu, Mtemi? Mimi sina nyuki."

"Ni wako! Ni wa warina asali! Mimi sina hata mmoja, nasema mbele ya watu wote!"

Ndipo Kashindye akawasha moshi, akawatuliza nyuki taratibu, akajitwika mzinga wake, akaenda zake kuvundika wanzuki ya bintiye.

Kesho yake warina asali wakaingia ghalani kwa Mtemi, kila mmoja akabeba mitungi yake, wala hawakunyata. Mazoya alikuwa ameketi mlangoni, macho yamevimba hata hayafunguki, akisikia nyayo zikipita.

"Nani huyo?" akauliza. "Nani huyo?"

Mtungi mwingine ukapita.