Zimwi Ndani ya Roketi

Ndugu zangu, kuna baba mmoja, mzee wa kanisa, naomba mnisaidie kumwelewa, maana mimi ameniacha njia panda.

Siku moja alikuta kitabu chini ya mto wa binti yake. Jaladani kuna zimwi la jicho moja, limeketi ndani ya roketi. Baba akakigeuza, akakigeuza tena. Zimwi analijua, roketi anaijua, lakini hivi viwili vimekutana wapi? Hakukifungua. Jumapili ile kanisani walikuwa wanachoma hirizi na vibuyu vya waganga, naye akakitupa humohumo motoni. Watu wakasema amina!

Binti akaja mbio. "Baba, hicho ni cha hadithi tu!"

"Hadithi gani ina mazimwi angani? Nyamaza!"

Akarudi kuketi. Wewe ungemjibu nini baba yako mbele ya kanisa zima?

Sasa sikilizeni. Tangu mama wa nyumba ile afariki, jioni baba na binti hukaa kupukuchua mahindi, na binti humsimulia baba hadithi. Wiki tatu nzima ilikuwa hadithi moja ndefu, ya msichana anayelifuata zimwi lililommeza mama yake, hadi nchi ya mbali; roketi binti hakuitaja. Baba alikuwa hatoki kwenye kigoda. Jioni ya Jumapili ile akakaa kama kawaida.

"Haya mwanangu, msichana ameshaingia tumboni mwa zimwi. Alimkuta mama yake hai?"

"Sijui, baba."

"Hujui vipi? Si hadithi ya bibi yako hii?"

"Ni ya kile kitabu. Nilikuwa nimefika hapo."

Baba akabaki na gunzi mkononi. "Lakini ilikuwa nzuri," akasema. "Mbona ilikuwa nzuri?"

Nami nashindwa kumjibu. Sisemi kila kitabu ni chema, vingine hata mimi sivielewi. Ila sisi, jamani, kiberiti tunakipata upesi kuliko swali. Ni wangapi hapa tumewahi kumuuliza mtoto, "Unasoma nini, na unakipendea nini?" Inaniuma, kwa sababu yule binti alikuwa anamtafuta mama yake mle ndani. Na baba naye, bila kujua, alikuwa anamtafuta mke wake. Nyumbani kwako, nani anamtafuta nani, na wewe umeshachoma nini?