Mfuko wa Mayai wa Bi Kishindo

Haya, kaeni.

— Tumekaa, Bibi!

Masikio mmeyaacha wapi?

— Tunayo!

Basi hapo kale, mlima ule ukiwa bado kilima na mvua ikija bila kuombewa, buibui hawakuwa kama huyu mnayemwona pembeni ya dirisha, peke yake na nzi wake mmoja. Walikaa pamoja. Mji mzima wa buibui kwenye mgunga mmoja, mama na dada na shangazi, utando wao umetanda kutoka tawi hadi tawi kama shuka iliyoanikwa. Na mikono yenu isisimame, maharage hayajitoi maganda yenyewe. Ninyi ambueni, mimi niseme.

Katika mji ule walikuwapo wakali na walikuwapo wapole. Msidhani walikuwa wa ukoo tofauti. Mfuko mmoja wa mayai ulitoa wote. Utando ukitikisika, tiki, tiki, tiki, wakali mbio, wapole tuli. Semeni.

— Wakali mbio, wapole tuli!

Hivyo hivyo. Panzi akinasa, wakali walimrukia wakamng'ata kabla hajajua amenasa wapi. Nyigu akija kuiba mayai, wakali ndio waliomtimua. Wapole walibaki ndani penye kivuli, wakishona palipochanika na kuangalia mayai.

— Kwa nini wengine walikuwa wapole, Bibi?

Kwa nini wewe Mwandoe unapiga kelele na dada yako Wakesho hapigi? Mama yenu aliwazaa wote wawili na hakuagiza. Ambua maharage.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye shida. Buibui wale walitaga mayai, wakayafunga ndani ya mfuko wa nyuzi ngumu. Watoto wakiiva humo ndani hawawezi kuutoboa. Lazima mtu mzima aufungue kutoka nje, tena siku yake ikifika. Ukiwahi, watoto wanatoka hawajakomaa, wanakauka. Ukichelewa, wanafia humo humo. Kazi hiyo ilikuwa ya wapole. Mpole aliweka mguu mmoja juu ya mfuko, akatulia, akasikiliza watoto wanavyojigeuza. Aliyeijua kazi hiyo kuliko wote aliitwa Bi Kimya. Na mkali kuliko wakali wote aliitwa Bi Kishindo. Hao walikuwa ndugu, Kishindo mkubwa, Kimya mdogo.

Ukaja mwaka wa ukame. Nyasi zikakauka, panzi wakahama, utando ukakaa siku nzima bila kutikisika. Njaa ikiingia nyumbani, watu huanza kutazamana midomo. Bi Kishindo akaita mkutano.

"Mimi nauliza tu," alisema. Na mtu mzima akisema anauliza tu, jueni ameshaamua. "Yule mbawakawa wa juzi, nani alimkamata?"

"Ni wewe, dada," wakajibu.

"Na nyigu, nani alimfukuza?"

"Ni wewe."

"Mbawakawa alipofika mezani, nani alikula?"

Wakatazamana. "Tulikula sote."

"Ehe! Sote! Mimi nusura ning'olewe mguu huko nje, mwenzangu kakaa kivulini kama bibi harusi, chakula kikifika naye yumo, tena mbele! Waende wakatafute chao."

Wakali wakashangilia. Wapole, kama ilivyo desturi yao, hawakusema kitu. Bi Kimya peke yake akauliza, kwa sauti ile yake ya kuombwa irudiwe, "Na mayai je?"

"Mayai yana nini? Nina miguu yangu minane. Nitashindwa kufungua mfuko?"

Bi Kimya alikuwa na jibu. Alitaka kusema kwamba mfuko haufunguliwi kwa miguu, unafunguliwa kwa kungoja. Lakini alimtazama dada yake alivyovimba, akaona atapigiwa kelele, akameza maneno yake. Hapo alikosea, na mimi simtetei. Ukijua jambo la kuokoa watoto wa watu, sema hata ukizomewa.

Wapole wakaondoka. Wakavuka korongo kavu, wakapanda mgunga mwingine, wakaanza kusuka.

Mvua ikarudi. Wadudu wakarudi. Kule kwa wakali walishiba hasa, maana walaji walikuwa wamepungua. Utando ulichanika ukaachwa hivyo hivyo, lakini nani alijali? Bi Kishindo akataga, akafunga mfuko wake, akaweka mguu juu kama alivyoona wapole wakifanya. Akatulia.

Tiki, tiki, tiki.

— Wakali mbio!

Mbio! Akaenda, akakuta jani kavu. Akarudi, akaweka mguu. Tiki, tiki, tiki. Mbio! Upepo tu. Akarudi. Siku zote zikawa hivyo. Kila alipoanza kusikia watoto, utando ulimwita, naye hakuweza kutoitika. Mwisho akawa hajui kama mfuko ule umeiva, unaiva, au umeshapitiliza.

Jirani yake, Bi Chachu, akachoka kungoja, akaupasua wa kwake. Watoto wakatoka weupe, laini kama uji. Kabla jua halijapanda vizuri walikuwa wamekauka wote. Bi Chachu alikaa pale akiwagusa mmoja mmoja kwa mguu. Bi Kishindo alimwona. Alikuwa hajawahi kuogopa kitu kisichong'ata. Siku hiyo aliogopa.

Akaukumbatia mfuko wake, akashuka chini, akavuka korongo. Siafu walimsogelea mara moja, wakaona macho yake, wakabadilisha njia.

Alipofika kwenye mgunga wa wapole, alidhani amekosea mti. Utando ulikuwa mzuri, umeshonwa hauna hata tundu, lakini umejaa wageni. Vibuibui vyembamba vya rangi ya fedha, wadoezi, wamejilaza katikati wakila nondo mzima. Wapole walikuwa wamebanwa pembeni, matumbo yameingia ndani.

"Kimya!" akaita. "Hawa ni nani?"

"Wageni," alisema Bi Kimya.

"Wamefika lini?"

"Mvua ilipoanza. Alikuja mmoja, akaomba kupumzika. Halafu akaita ndugu zake."

"Na hamkuwaambia waondoke?"

"Tulikuwa tunatafuta namna nzuri ya kusema."

Mdoezi mmoja mnene akageuza kichwa. "Mama mwenye mfuko, ukiwa unapita humo, niletee na lile bawa la nondo."

Bi Kishindo akamkabidhi mdogo wake ule mfuko. "Nishikie."

"Dada, labda ungewaambia kwanza kwa upo—"

Utando ukatikisika mara moja tu. Wadoezi walioweza kukimbia walikimbia, na yule mnene hakuomba tena bawa. Bi Kishindo akarudi akijifuta mdomo.

"Nimeshawaambia," alisema.

Kisha akasimama. Kupigana alikuwa anakujua, kuomba hakukujua. Alichezesha miguu, akatazama juu, akatazama chini.

"Huo mfuko," akasema. "Sijui siku yake. Bi Chachu amepoteza wake wote. Mimi nikiweka mguu siwezi kukaa, Kimya. Siwezi. Nimejaribu."

Bi Kimya hakumsuta. Hakuwa na nafasi, kwa sababu mguu wake ulikuwa tayari juu ya mfuko naye anasikiliza.

"Wazima?" aliuliza Bi Kishindo.

"Nyamaza nisikie."

Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze. Akanyamaza.

"Siku yake imepita kidogo," alisema Bi Kimya. "Upande huu wanajigeuza. Upande wa pili hawajigeuzi tena."

Akaanza kukata uzi mmoja mmoja, taratibu, huku akitema mate kidogo kuulainisha. Kitundu kikafunguka. Akatoka mmoja, akatoka wa pili, wakafuatana wengi. Sitawadanganya, si wote waliotoka. Waliochelewa walibaki humo ndani, na mfuko ukaanguka nao chini. Lakini waliotoka walikuwa wazima, na walikuwa na njaa. Bi Kimya akawacheulia chakula mpaka mdomoni mwake, wakaja kunyonya hapo.

— Eee, Bibi! Matapishi!

Usikunje uso. Wewe nimekutafunia ugali mpaka ukaota meno.

Watoto wengine wakampanda mama yao mgongoni. Bi Kishindo alikaa amejikaza, hatikisiki hata kwa upepo. Mara, tiki, tiki, tiki! Panzi mkubwa kanasa upande wa pili. Miguu yake yote minane ikaanza kutetemeka, na watoto wakawa wanatetemeka juu yake kama wako kwenye chekeche. Lakini hakuondoka. Aling'ang'ania palepale.

Bi Kimya akamtazama, akamtoa watoto mgongoni.

"Nenda, dada," alisema, na safari hii sauti yake ilisikika mti mzima. "Mimi nipo nao. Hicho nilichowapa ndicho cha mwisho, na wana njaa bado."

Bi Kishindo akaenda mbio. Akarudi akimburuta panzi, wakala wote.

Wakali wengi wakahamia pale, na mti ukawa mmoja tena. Wachache wa kila upande walikataa katakata, wakaenda kila mmoja na pembe yake, na huyo wa dirishani ni mjukuu wao. Msidhani wale waliorudiana walibadilika. Kishindo aliendelea kufoka, Kimya aliendelea kusema chini chini, na waliudhiana mpaka uzeeni. Ila hakuna aliyeuliza tena nani kakamata na nani kala.

Funzo ni hili. Ndugu yako hatakuwa kama wewe, hata ukimfokea. Mwache afanye anachokiweza, na usimpigie hesabu kwenye sahani.

Kisa changu kimefika kwake, kimefunga mlango na kuzima taa. Nanyi leteni hayo maharage niyaone, mkanawe mikono.