Moshi wa Mtu Asiye na Injini

Wahenga, ambao miongoni mwao hakuna aliyewahi kumiliki hata pikipiki, walinena kwamba nyani haoni kundule. Walimaanisha kuwa binadamu ni hodari wa kuona kasoro za wenzake, lakini kwa zake mwenyewe ni kipofu. Tulia basi, msomaji mtukufu, upokee ushahidi mzito usio na chembe ya mzaha. Ushahidi wenyewe unahusu mabomba ya nyuma ya magari, lakini uzito wake uko palepale.

Palikuwa na mpimaji wa moshi ambaye madereva walimwita Pua. Kila asubuhi alisimika mtambo wake kando ya barabara. Mtambo ulirusha mwali wa mwanga usioonekana hadi ng'ambo, na gari lilipoukatiza, moshi wake ulisomwa papo hapo kwenye skrini. Iwe dizeli au petroli, hakuna aliyesazwa. Aliyezidisha masizi alisimamishwa mbele kidogo, akang'olewa vibao vya namba.

Siku moja joto lilikuwa halivumiliki, na Pua alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Alishuka kwenye pikapu ya ofisi, akatazama skrini, akarudi garini kupata ubaridi wa kiyoyozi, akashuka tena. Dada yake mkubwa alikuwa na basi dogo la kubebea wanafunzi, na lazima lingepita njia hiyo. Shule ilikwisha kumwonya: gari likifeli, kazi hana. Naye Pua alikuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba hatampendelea hata mama mzazi.

"Bosi, leo wamefeli wote," fundi wake wa mitambo alisema huku akijikuna kichwa. "Hata vigari vya petroli vinatoa masizi kama malori. Umeona wapi?"

"Nimeona hapa. Watu wamezoea uchafu. Ng'oa vibao."

Mara basi dogo likatokea, likapita. Skrini ikawa nyekundu. Lakini kiapo ni kiapo. Akachukua bisibisi mwenyewe.

"Unanijia na bisibisi hata salamu huna?" dada aliuliza dirishani.

"Shikamoo, dada. Gari limefeli."

"Marahaba. Limetoka gereji jana, mdogo wangu. Injini hiyo imeoshwa kuliko ulivyowahi kuoshwa wewe."

"Mtambo hausemi uongo."

"Mtambo hausemi kitu. Unayesema ni wewe."

Pua akainama, akalegeza skrubu ya kwanza. Dada alishuka, akabana mkoba kwapani, akarudi nyuma hadi penye mtambo. "Basi nipime na mimi," akasema, akaukatiza mwali kwa miguu yake miwili.

Skrini ikawa nyekundu.

Fundi akasoma taratibu, kama anayesoma hukumu. "Mama huyu amezidi lori la mchanga."

"Na leo nimekunywa chai kavu tu," dada akasema.

Madereva waliovuliwa vibao wakavunjika mbavu. Pua akaja mbio, akasimama, akanusa. Pamoja na jina lake lote, ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuitumia pua kazini. Pikapu ya ofisi ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi kwa ajili ya ubaridi wake, bomba lake la dizeli likipuliza masizi moja kwa moja kwenye mwali. Kila gari lilikuwa limepita ndani ya moshi wake.

"Nani aliegesha hapa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wewe, bosi. Ulisema pana kivuli."

Injini ikazimwa, upepo ukapita. Basi dogo likarudiwa kupimwa. Kijani. Pua akapiga magoti, akarudisha vibao vya watu kimoja kimoja, dada akimshikia skrubu.

"Kaza vizuri," dada akamwambia. "Ukimaliza, tuipime na hiyo ya kwako."

Pikapu ikapita. Nyekundu. Na kiapo ni kiapo.

Jioni Pua alirudi nyumbani kwa basi la dadaye, amejikunja kwenye kiti cha wanafunzi, magoti kidevuni, vibao vya pikapu mapajani.

Msimuliaji, mwanafunzi anayeandika insha hii darasani, alipofika hapa, akijipongeza kwa kumcheka Pua bila huruma, jirani yake wa dawati alimgusa bega. Akamnong'oneza kwamba shati lake lina doa la wino mgongoni, pana kama sahani, tangu gwaride la asubuhi. Msimuliaji anakiri hakuliona, ingawa ndiye aliyempelekea mwalimu wa zamu majina ya wachafu. Nyani haoni kundule.